Jasho la Mwani na Nyumba ya Mume

 

Kila yanapotajwa maisha ya mwanamke wa kijijini, husikika sauti mbili zinazoshindana. Ya kwanza husema kuwa mambo ya kisasa yamemharibu: zamani alikaa ndani akastirika, leo anahangaika nje akitafuta pesa. Ya pili husema kuwa dini ndiyo iliyomfunga, na kwamba hatopata haki yake mpaka aivue kama anavyovua kanga iliyochakaa. Wenye sauti hizi hawapendani, lakini wamekosea mahali pamoja. Wote wawili wameichukua mila ya kijiji wakaiita dini. Mmoja akaitetea, mwengine akaishambulia.

Tungependa kulionesha jambo hili kwa mfano ulio mbele ya macho yetu, nao ni wa vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje, Jambiani na Bwejuu, ambako akina mama wamekuwa wakilima mwani kwa zaidi ya miaka thalathini.

Tuanze na hiyo zamani inayosifiwa. Ni nani aliyesema kuwa mwanamke wa vijiji hivyo alikuwa akikaa ndani? Kukaa ndani ilikuwa desturi ya mjini, ya nyumba zenye uwezo na watumishi wa kutumwa sokoni na kisimani. Mwanamke wa shamba na wa pwani hakuijua raha hiyo. Alifukia makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani, akayaacha miezi kadhaa mpaka yaoze, akayafukua, akayapiga, akasokota kamba. Alisuka ukili. Maji yakipwa alishuka na kijiti chake kuchokoa pweza. Alikata kuni, alipalilia muhogo, na jioni alipika. Wazee wetu, waliokuwa wakali kuliko sisi katika mambo ya heshima, walimpita njiani akiwa amejitanda kanga zake wakamwamkia, wala hakuna aliyesema kuwa ameasi.

Kwa hiyo haukuwa mwani uliomtoa mwanamke nje ya nyumba yake, maana nje alikuwapo tangu hapo. Mwani ulileta kitu kingine, nacho ni fedha taslimu mkononi mwake, kwa jina lake, baada ya kila mavuno.

Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Aina zake ni mbili, spinosum na cottonii, na hii ya pili ndiyo yenye bei nzuri zaidi. Mwanzoni wanaume nao waliingia, kisha wengi wao wakaiacha walipoona kuwa kazi ni nzito na malipo ni madogo. Wakabaki wanawake, na mpaka leo wao ndio walio wengi sana katika maelfu ya wakulima wa mwani wa visiwa hivi.

Asiyeijua kazi hii asiidharau. Mkulima husubiri bamvua, siku ambazo maji hupwa sana, akashuka na vigingi vyake na kamba zake. Hupigilia vigingi katika mchanga, akafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja kwenye kamba, akainama saa kadhaa jua likimpiga mgongoni na maji ya chumvi yakimla miguu. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akabeba mzigo wa mwani mbichi kichwani mpaka ufukweni, akauanika. Gunia zito la mwani mbichi likikauka hubaki sehemu ndogo tu, na hiyo ndiyo inayopimwa na mnunuzi. Kwa miaka mingi kilo moja ya spinosum iliyokauka ililipwa shilingi mia chache. Kutokana na mwani huo, viwanda vya nje hutoa kiini cha kugandishia vyakula na hata dawa ya meno, lakini faida ya viwanda hivyo haijapata kufika Jambiani.

Na pamoja na udogo wake, fedha hiyo ilifanya mambo. Ilinunua madaftari na sare za skuli. Ilinunua vyombo, vitanda na magodoro. Zaidi ya yote ilijenga. Anayepita katika vijiji hivyo leo ataona mapaa ya bati mahali palipokuwa na makuti, na kuta za matofali mahali palipokuwa na udongo. Sehemu kubwa ya bati hizo imetoka katika migongo ya akina mama.

Hapa ndipo panapotuuma. Mashauri ya ndoa yanapoletwa kwa masheikh na walimu wa vijijini, sura yake haibadiliki sana. Bibi na bwana wameishi miaka ishirini. Nyumba imejengwa katika kiwanja cha ukoo wa bwana. Bwana ametoa kiwanja, mawe na nguvu zake. Bibi ametoa saruji, bati, mlango na malipo ya fundi, kidogo kidogo, mavuno baada ya mavuno. Hapana kilichoandikwa. Siku talaka inapotoka, bibi hufungiwa nguo zake na masufuria yake, na kabla ya magharibi amesharudishwa kwa kaka yake. Pengine mwezi haujaisha ila mke mwengine analala chini ya bati zile. Akiuliza, huambiwa: kiwanja si chenu, nyumba si yako, na hii ndiyo mila yetu. Akizidi kuuliza, huongezewa neno moja kubwa: na dini ndivyo inavyosema.

Sisi tunasema, dini haisemi hivyo, na anayemnasibishia Mwenyezi Mungu neno hilo ajiandae kulijibu.

Kwanza, huko kutolewa nyumbani jioni ile ile ya talaka. Aya ya kwanza ya Suratut-Talaq inakataza waziwazi kuwatoa watalikiwa majumbani mwao wakiwa katika eda, isipokuwa kwa uchafu ulio dhahiri. Wanafunzi wetu wa Kiarabu huwa tunawaonesha dhamiri iliyotumika katika aya ile: nyumba zimenasibishwa kwao wao wanawake, si kwa waume. Wafasiri wamesema kuwa nasaba hiyo ni ya kukaa na si lazima iwe ya kumiliki, nasi hatuzidishi juu ya kauli yao. Lakini hata haki hiyo ya kukaa muda wa eda, ni vijiji vingapi vinavyoitekeleza? Na tuseme kweli, wanaomfungia mtalikiwa nguo zake mara nyingi si wanaume. Ni mawifi na mama mkwe, wanawake wenzake, ambao nao huenda walifungiwa vivyo hivyo.

Ama mali, jambo lake liko wazi zaidi. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imewathibitishia wanaume fungu katika walichokichuma, na wanawake nao fungu katika walichokichuma. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake kabla ya kuolewa na Mtume (S.A.W.). Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), alipomtuma Bilal kumuuliza Mtume (S.A.W.) kama itamtosha kumpa sadaka mumewe na mayatima anaowalea, jibu lilikuwa kwamba ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Msomaji na aizingatie hadithi hii, ambayo imo katika Bukhari na Muslim. Alichokitoa kwa mumewe kimehesabiwa kuwa ni sadaka, na mtu hatoi sadaka ila kwa kilicho chake. Lau mali ya mke ingekuwa ya mume kwa sababu ya ndoa, swali lile lisingekuwa na maana.

Tena kuna kisa cha khalati yake Jabir bin Abdullah (R.A.), kilichopokewa na Muslim. Mama huyu alikuwa ametalikiwa na yumo katika eda, akataka kutoka kwenda kuvuna tende zake. Mtu mmoja akamkemea. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akamruhusu avune, akimtajia kwamba huenda akatoa sadaka au akafanya jambo la kheri kwa mavuno hayo. Yule aliyekemea hakutajwa jina, lakini watu wa mfano wake tunao katika kila kijiji.

Watatuambia baadhi ya ndugu zetu: je, mke si hutoka kwa idhini ya mumewe? Ndiyo, wanavyuoni wetu wamesema hivyo. Lakini wamesema pia, na hayo yamo katika Minhaj ya Imamu Nawawi inayosomeshwa katika pwani yetu, kwamba mume akishindwa kutoa nafaka na akapewa muhula, mke ana haki ya kutoka kwenda kujitafutia. Na tumuulize bwana huyu: kwa miaka ishirini alimwona mkewe akishuka pwani alfajiri na kamba begani, akala kilichotokana na kamba hizo, je, hiyo haikuwa idhini? Na hata kama angetoka bila ya idhini, kosa la kutoka ni jambo moja na umiliki wa alichokichuma ni jambo jengine. Hatukupata kusoma katika kitabu chochote cha fiqhi kwamba kosa la kwanza linahamisha mali kutoka mkono wa mke kwenda mkono wa mume.

Jambo jengine lililoingia pamoja na mwani, nalo halisemwi sana, ni kulegea kwa nafaka. Bwana akijua kuwa bibi amepima mwani wiki hii, mkono wake huwa mzito kuleta unga. Baada ya muda huwa hauleti kabisa. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i nafaka ya mke imekadiriwa kwa hali ya mume na si ya mke: mwenye wasaa ni mudi mbili kwa siku, wa kati ni moja na nusu, na mwenye dhiki ni mudi moja. Mke awe na magunia mia ya mwani au asiwe na kitu, kipimo hicho hakibadiliki. Akiamua kumsaidia mumewe, amefanya hisani kubwa na malipo yake yako kwa Mola wake, lakini hisani ya mmoja haigeuki kuwa haki ya mwengine kwa kuzoeleka.

Turudi kwenye nyumba, kwani ndiyo mali kubwa kuliko zote ambayo watu wa vijijini huipata maishani. Neno la kwamba kiwanja ni cha kwetu kwa hiyo na nyumba ni ya kwetu, ni neno la ajabu kusikika katika visiwa hivi. Sisi sote tunajua kuwa mnazi huweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule. Wazee wetu wamerithishana minazi na mikarafuu iliyo katika ardhi za watu wengine bila ya kuona ugeni. Na wanavyuoni katika mlango wa azima wamepambanua vivyo hivyo: aliyeazimwa ardhi akajenga kwa ruhusa, jengo ni lake, na mwenye ardhi hana haki ya kulichukua bure wala kulibomoa bila ya fidia. Ikiwa hukumu hii ni kwa mtu baki aliyejenga, vipi mke asiwe nayo?

Husemwa pia kwamba bibi alitoa kwa mapenzi, hivyo ni zawadi. Huenda ikawa kweli. Mke akimpa mumewe kwa radhi ya nafsi yake, hiba hiyo ni halali. Lakini hiba ina nguzo zake: kutoa, kukubali na kukabidhi. Ni msingi maarufu wa Imamu Shafi'i kwamba aliyenyamaza habebeshwi neno. Mama aliyenunua bati kwa ajili ya paa ambalo yeye mwenyewe analala chini yake, akanyamaza, hakusema amempa mtu. Pengine alikusudia kukopesha, pengine alikusudia kushirikiana. Tatizo ni kuwa miaka ishirini baadaye hapana awezaye kuithibitisha nia yake, na kila mwenye haja nayo huifasiri apendavyo.

Kifo nacho kina mlango wake wa dhulma, tena uliojificha zaidi, kwa sababu hufanywa kwa kalamu ya mirathi. Tuseme mume amefariki akaacha mke na watoto, na nyumba ina thamani ya shilingi 8,000,000, ambayo nusu yake ni mchango wa mke. Wanaukoo hukusanyika, huita nyumba yote tarika, humpa mjane thumni yake, yaani 1,000,000, na kila mtu huondoka akijiona amefuata Qur'ani. Hesabu hii si sahihi. Nusu ile, yaani 4,000,000, haikuwa mali ya marehemu hata irithiwe. Tarika ni 4,000,000 zilizobaki, na thumni yake ni 500,000. Haki ya mjane ni 4,500,000. Amedhulumiwa 3,500,000 mbele ya mashahidi, kwa Bismillahi. Na ikiwa mchango wake ulikuwa ni mkopo, basi ni deni, na aya za 11 na 12 za Suratun-Nisaa zimetanguliza deni na wasia kabla ya fungu la mrithi yeyote. Mahari ambayo haijalipwa nayo ni deni katika madeni, ingawa watu wengi hawapendi kukumbushwa.

Serikali ya Zanzibar nayo ililigusa jambo hili. Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya mwaka 2017 ilimpa Kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mgawanyo wa mali iliyochumwa katika ndoa, pale penye mchango halisi wa mmoja wa wanandoa. Ni jambo jema. Lakini sheria husema mchango halisi, na Kadhi huuliza ushahidi. Mama wa Jambiani ataleta ushahidi gani? Risiti za bati za mwaka 1998? Fundi aliyekwishafariki?

Wapo watakaosema kuwa bibi akipoteza nyumba moja atajenga nyengine kwa mwani mwengine. Wasemao hivyo hawajashuka pwani siku nyingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya kina kifupi. Maji yamezidi joto, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na mkulima hushuka akakuta kamba tupu. Wengi wamebaki na spinosum, inayovumilia zaidi lakini yenye bei ndogo. Wataalamu huwashauri wahamie kwenye maji ya kina kirefu, lakini huko hutakiwa chombo na kujua kuogelea, na hivyo viwili mila iliwapa wanaume. (Ipo miradi inayowafundisha akina mama kuogelea, na wapo wanaoguna. Sisi hatuoni la kugunia, maadamu mafunzo ni baina ya wanawake na mavazi ni ya stara. Kumwacha mama azame ndiko kusikokuwa na heshima.) Wakati huo huo ufukwe wa Paje umejaa mahoteli na wageni wanaoteleza juu ya maji kwa tiara, na mashamba ya mwani yamebanwa. Mabinti wengi hawataki tena kazi ya mama zao. Mwenye umri wa miaka 55 anayetolewa nyumbani leo hana bahari ile ya mwaka 1995 ya kurudia.

Kwa hiyo jasho lililokwishaingia katika kuta zile ndilo pekee alilonalo, na kulilinda ni wajibu wa wanaojua. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, imekuja kutuamuru tuandike madeni, dogo au kubwa, na wala tusichoke kuyaandika. Tunaandika deni la duka. Tunaandika michango ya maulidi na ya mazishi. Kwa nini mchango wa mke katika nyumba uwe ndio pekee unaoonekana kuwa ni aibu kuandikwa? Wanaume wengine hukasirika wakiambiwa hili, wakasema kuwa ni kuitilia ndoa shaka. Lakini akdi ya ndoa yenyewe imewekewa mashahidi wawili, na hakuna aliyewahi kusema kuwa mashahidi wale ni shaka.

Tunapendekeza kwa maimamu wa vijiji waraka wa ukurasa mmoja, uandikwe siku ujenzi unapoanza na uongezwe kila mchango mpya unapoingia. Uwe na majina ya mume na mke, kiwanja ni cha nani na kimetolewa kwa njia gani, nani ametoa nini na kwa thamani gani ya siku ile, na kila kilichotolewa kimetolewa kwa njia ipi kati ya tatu: hiba, mkopo au ushirika. Mashahidi wawe wawili, mmoja awe wa upande wa mke. Wenye nyumba zilizokwishajengwa nao waandike, maadamu wote wawili wako hai na wanakumbuka. Hao ndio wenye haraka zaidi kuliko maarusi. Tumekwishatayarisha kielelezo chake kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, kwani mama zetu wengi waliopitia vyuoni husoma hizi za pili kwa wepesi zaidi, na wanaokihitaji wakipate kwa walimu wa madrasa baada ya sala ya Ijumaa. Nakala ziwe tatu: moja ya mume, moja ya mke, na ya tatu ikae katika kasha la msikiti pamoja na daftari la ndoa.